Rufaa ya adhabu baada ya kukiri kosa: inawezekana

Dada, umeuliza kama mdogo wako anaweza kukata rufaa ilhali mwenyewe alikiri kuendesha akiwa amelewa na kumvunja mguu yule dereva wa bodaboda pale Nachingwea. Anaweza, ila kwa kawaida ni dhidi ya adhabu tu: ukali wake au uhalali wake.

Kinachoziua rufaa hizi ni siku. Notisi ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu. Akiwa gerezani aipitishe kwa mkuu wa gereza, tena leo hii. Hati ya rufaa, yaani maandishi yenye sababu zake, iwasilishwe ndani ya siku 45 tangu hukumu, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Inakwenda Mahakama Kuu.

Jaji hapunguzi kwa kuwa tu nyumbani kuna shida. Anatazama kama hakimu alikosea kisheria, hakuzingatia kwamba ni kosa la kwanza na alikiri mapema, au adhabu imezidi mno. Na nakwambia wazi, jaji ana mamlaka ya kuiongeza pia. Aliyegongwa bado anatembelea magongo, na hilo litasomwa kwenye faili.