Kuunganisha pakiti za vidonge ili hedhi isije: maswali yenu

Shikamoo nesi. Mdogo wangu anameza vidonge vya majira mfululizo na hapati siku zake. Damu chafu haitajazana tumboni? (Mama wa wawili, Tanga)

Marahaba, mama. Hakuna kinachojazana. Kwa mwanamke asiyetumia dawa, kila mwezi utando hujengeka ndani ya mfuko wa uzazi, na mimba isipoingia hubomoka na kutoka kama damu. Vidonge vyenye homoni mbili huzuia yai kupevuka na kuufanya utando huo ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Hata ile damu ya wiki ya mapumziko, yaani zile siku saba za kila mwezi ambazo humezi vidonge vyenye homoni, si hedhi halisi: hutoka kwa sababu homoni zimekatishwa ghafla.

Kidonge cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na mapumziko yale yalipangwa ili mwanamke aone damu kila mwezi kama alivyozoea. Mwili hauyahitaji. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa mwaka 2019 unasema wazi kwamba wiki ile haina faida yoyote kiafya. Naumia sana ninapoona binti mwenye upungufu wa damu, au anayegaagaa kwa maumivu kila mwezi, akinyimwa nafuu hii kwa hofu ya uchafu usiokuwepo.

Pakiti yangu ina vidonge 21 vyeupe na 7 vya kahawia. Naunganishaje? (Dada wa Morogoro)

Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu, havina homoni. Ukimaliza 21 viache, na kesho yake anza pakiti mpya. Wapo wanaounganisha pakiti tatu kisha wakapumzika siku 4 hadi 7, na wapo wasiopumzika kabisa. Mwambie muuguzi wako mapema, maana sasa pakiti moja itakuishia kwa wiki tatu na utarudi kliniki kabla ya tarehe uliyopewa.

Jiandae kwa matone. Miezi mitatu ya mwanzo, hata sita, damu kidogo huja bila taarifa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Haina maana kwamba dawa imeshindwa. Ikiendelea siku tatu au nne, na umeshameza vidonge vya homoni angalau 21 mfululizo, acha siku 4 kisha endelea. Usivuke siku 7 bila homoni kwa hali yoyote. Pengo hilo likirefuka, mimba inaweza kupenya. Damu nyingi, au inayotoka baada ya tendo la ndoa, inahitaji kupimwa hospitali.

Nina miaka 38, nina presha na navuta sigara. Naweza? (Nakuru)

Hapana, dada. Vidonge vya homoni mbili havikufai, iwe umeunganisha au hukuunganisha, kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda na kiharusi. Havimfai pia aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, aliyeugua saratani ya matiti, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Na anayemeza rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu ajue kwamba dawa hiyo huvunja nguvu ya vidonge. Muulize daktari kuhusu kitanzi chenye homoni. Nacho hupunguza hedhi sana.

Nataka kufunga Ramadhani yote bila kukatizwa. Duka la dawa wamenipa norethisterone. (Mombasa)

Dawa hiyo huahirisha hedhi. Kwa kawaida ni kidonge cha miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku tatu kabla ya tarehe yako, na ukiacha damu huja baada ya siku mbili au tatu. Haizuii mimba. Pia haimfai aliyewahi kuganda damu, hivyo usimeze kabla ya kuulizwa historia yako. Dozi za mchana zitagongana na funga, kwa hiyo zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama. Kama tayari unatumia vidonge vya majira vya homoni mbili, huhitaji dawa ya pili: unganisha pakiti, kidonge kimoja baada ya futari kila siku.

Nikiacha, nitapata mtoto? (Mwanza)

Ndiyo. Kwa wengi mzunguko hurudi ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, na wapo wanaoshika mimba kabla hata ya kuona hedhi ya kwanza. Kama hujawa tayari, anza njia nyingine siku ileile unayoacha.