Jibu kwa aliyeuliza: tafiti za NGO ni za kumfurahisha mfadhili tu?

Mkuu, umesema umepata ofa ya kufanya utafiti wa shahada na NGO moja hapa Arusha, ila unaogopa zile ni takwimu za kumfurahisha mfadhili. Mimi ni mdadisi wa kukodiwa, yaani mkusanya takwimu, nimezungukia Longido, Monduli na Simanjiro. Kwa nilivyoona, takwimu hazipikwi. Mambo huharibika mapema zaidi, dodoso linapoandikwa.

Kazi moja ya maji, Longido. Fomu ilikuja ndani ya tableti ikiwa imeshapitishwa makao makuu, Ulaya. Tuko kwenye boma la mzee mwenye wake watatu, kila mama na nyumba yake, moto wake na madumu yake. Fomu inataka kaya moja, na wa kujibu ni mkuu wa kaya. Basi tukamhoji kuhusu maji mzee ambaye hajawahi kubeba dumu! Pembeni mke mdogo anatuambia huamka saa tisa usiku kuwahi foleni kisimani. Hakuna pa kulijaza hilo. Tuliomba fomu irekebishwe, tukajibiwa tarehe ya ripoti haisogei.

Lakini usikimbilie kusema bora mashirika haya yasingekuwepo. Bernhard Grzimek wa Frankfurt Zoological Society, shirika la uhifadhi la Ujerumani, na mwanawe Michael ndio waliohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege mwaka 1958, na Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyohiyo Januari 1959. Shirika lao lipo Serengeti hadi leo. Hata hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa 1971, iko chini ya Good Samaritan Foundation, siyo wizara, na tafiti zake mnazisoma.

Kwa hiyo ofa chukua, ila dodoso ulione kabla ya kusaini, na ulijaribu kijijini kabla halijafungwa. Uliza nani anafuatilia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kama mnagusa afya za watu, maana vikichelewa ni muhula wako unaoliwa. Iandikwe kabisa kwamba takwimu unaruhusiwa kuzitumia kwenye tasnifu. Hapa wanafunzi wengi wamelizwa. Halafu mrejesho. Mwenyekiti wa kijiji mmoja alitufungulia kitabu cha wageni, watafiti watupu, akauliza nani kati yao alirudi na majibu. Ukiambiwa "ripoti itawekwa mtandaoni", jua safari ya kurudi haina bajeti. Na posho ya mtendaji wa kijiji nayo iingizwe kwenye bajeti hiyo hiyo, la sivyo itatoka mfukoni mwako.