Vijipicha vya kale vya watoto: nimejibu maswali yenu

Nimenunua kijipicha cha mtoto mwenye gauni jeupe, mbele kimeandikwa "Cosway". Ni bei gani? (Msomaji, Mombasa)

Tena Cosway! Richard Cosway (1742–1821), mchoraji wa vijipicha, yaani picha ndogo za watu za kuenea kiganjani, alivuma sana London, ndiyo maana jina lake limeandikwa kwenye kazi za watu chungu nzima. Yeye mwenyewe alizoea kutia sahihi nyuma, kwa Kilatini, akijitaja mchoraji mkuu wa Mwanamfalme wa Wales. Jina la mbele linatia shaka. Chukua lenzi: ukiona vitone vilivyojipanga sawasawa, hiyo ni picha ya kuchapwa iliyopakwa rangi. Hakikisha hilo kwanza; bei siwezi kuitaja kabla.

Gauni si ushahidi kwamba ni msichana?

Hapana. Ulaya ya zamani wavulana nao walivaa magauni, wengine hadi miaka sita au saba.

Kioo kina ukungu kwa ndani. Nifungue nifute kwa kitambaa kibichi?

Usithubutu. Tangu karne ya 18 vijipicha vingi vilichorwa kwa rangi ya maji juu ya pembe ya ndovu, na pembe hainywi rangi. Imekaa juujuu tu. Niliwahi kuletewa kimoja kilichofutwa hivyo: lesi ya kola ilikuwepo, kila tundu lake, lakini shavu la mtoto limekwenda na kitambaa. Mpelekee mhifadhi wa makumbusho.

Naweza kukiuza Uingereza?

Sheria yao ya pembe, iliyoanza kutumika 2022, inaruhusu vijipicha vya kabla ya 1918 visivyozidi sentimita za mraba 320, ila visajiliwe. Kuvusha mpaka ni vibali vingine. Nawe wa Mombasa, hukuuliza lakini nakwambia: Kenya, kuwa na pembe bila kibali ni kosa. Ndovu wetu wameuawa vya kutosha.

Mtoto hajulikani. Kina maana gani basi?

Swali hili linaniuma. Mwaka 1590 mchoraji Isaac Oliver, aliyeletwa London mdogo na wazazi Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, kisha akafunzwa na mchoraji wa vijipicha Nicholas Hilliard, alichora wasichana wawili. Wako kwenye makumbusho ya Victoria and Albert Museum, London, kila mmoja anaenea kiganjani. Majina yao hayajulikani. Umri tu ndio ulioandikwa. Wa miaka minne ameshika tofaa, amekaza uso. Wa mitano ameshika ua, na midomo yake imeanza kutabasamu.