Muulize binti yako wazi

Dada, pole sana. Umesema binti yako wa miaka 15 ameruhusiwa jana kutoka idara ya dharura baada ya kumeza vidonge, nawe unaogopa kumuuliza usije ukamtia wazo. Muulize wazi: "Bado unafikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Leo hii fungia dawa zote, hata za nyanyake, na sumu ya panya. Majuma ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa hiyo usingoje kliniki ya mwezi ujao. Waombe tarehe ya karibu. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mrudishe dharura usiku huohuo. Polisi wasikutishe: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.