Kitabu huuzwa kikiwa wazi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na picha za vitabu nimeziona. Umeniuliza kile kitabu chako cha dawa cha mwaka wa kwanza ukiuze shilingi 40,000 kama wanavyouza wenzako, au umpunguzie yule kijana wa Handeni anayeanza muhula huu na hela ya vitabu bado hajaipata. Bei nitaifikia. Kwanza nimeona umepiga picha majalada tu.

Unakumbuka babu yako alivyokuwa akiuza baiskeli pale Ngamiani. Mteja akija, babu anaipindua, tandiko chini magurudumu juu, anaizungusha, kisha anaweka kidole palepale ilipochomelewa: "Hapa ilikatika." Hapo ndipo wanaanza kupatana. Nami nimeshika hivyohivyo: kitabu huuzwa kikiwa wazi.

Ila mimi nilikishika baada ya kuaibika, na hili sijawahi kukusimulia. Mwaka 2001 nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mwaka huohuo klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria hapa nchini, maana vimelea vilikwisha kuizoea, ikaja dawa nyingine iitwayo SP. Kitabu changu cha dawa kilikuwa cha zamani, sura nzima ya malaria ni klorokwini, na vipimo vyake nimevipigia mstari kwa wino mwekundu. Habari ya SP ninayo, nimeiandika kwenye daftari. Muhula ulipofunguliwa akaja binti mmoja wa Pangani, mpole, pesa kazifunga kwenye pindo la khanga. Nikamuuzia kwa shilingi 7,000. Sikusema neno. Nilikuwa nataka viatu vyeupe vya wodini, vyangu vimeachia soli.

Jaribio la kwanza likauliza tiba ya malaria. Binti wa watu akajibu kama kitabu kilivyomwambia, na vipimo vyote kavikariri. Alinikuta bombani nafua sare. "Dada, ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilisahau. Akasema, "Haya, dada," akajitwika ndoo yake akaenda. Kitabu hakunirudishia, wala pesa hakudai. Mwanangu, nimekesha na wagonjwa zaidi ya miaka 20, nimetukanwa na ndugu zao usiku wa manane, na sijasikia neno lililoniuma kama ile "haya, dada".

Mara nyingine najitetea. Nasema mwalimu ndiye wa kumfundisha, si mimi. Nasema bila viatu nisingeruhusiwa kuingia wodini, na ni kweli nisingeruhusiwa. Lakini kumwambia "sura hii imepitwa, chukua daftari langu unakili" kungenipunguzia nini? Pengine angeomba nimwachie elfu mbili. Basi ni elfu mbili iliyonifunga mdomo. Nilipofika nyumbani na viatu vipya babu yako aliuliza nimevipataje, nikamweleza yote. Alikuwa anaziba tyubu. Aliendelea kuziba tyubu.

Kwa hiyo kile kitabu chako cha anatomia sina neno nacho. Mifupa ya mtu mzima ni 206 ileile niliyokariri mimi, uza hata kwa asiyekifungua. Cha dawa ni kingine. Hata hiyo SP haikukaa, mwaka 2006 ikaja dawa mseto, na waliokuwa na vitabu vya SP nao wakabaki navyo mkononi. Kitabu cha dawa huuzwa kikiwa wazi, penye ukurasa uliopitwa, kidole chako kikiwa juu yake.

Sasa bei. Baba yako amenikataza nisikupangie, anasema umeshakuwa mtu mzima, na kweli umekuwa. Ningekuwa mimi 40,000 nisingeipokea, si kwa kijana ambaye bado ana godoro na ndoo za kununua. Lakini wewe nawe una nauli ya likizo ya kutafuta, hilo nalijua, na sisi safari hii hatukukutumia ya kutosha. Basi sikuamulii.

Ila kabla hujamjibu huyo wa Handeni, nipigie picha ile sura ya malaria, kurasa zote. Nataka nione kwenye malaria kali kama wameandika artesuneti au bado ni kwinini.

Mama yako,
Makorora, Tanga