Anasoma bila kukwama, ila haelewi: maswali ya walimu na wazazi wa Kigoma

Wanafunzi wangu wa darasa la pili wanasoma aya nzima vizuri. Nikiuliza habari inahusu nini, kimya. (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto akishazijua silabi husoma hata neno asilolijua. Na wengi wa wanafunzi wako wanazungumza Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, wakiwa nyumbani. Acha aya kwanza, andika ubaoni sentensi moja: “Asha alitazama mawingu, akakimbia kuanua maharage.” Uliza: kwa nini alikimbia? Neno mvua halimo. Atakayesema “mvua inakuja” ameelewa. Atakayerudia “alikimbia kuanua maharage” bado. Usimkaripie, muulize kwao wakiwa wameanika na wingu likatanda wanafanyaje. Anayenyamaza huenda hajui kuanua ni nini. Mwonyeshe kwa vitendo, au mwenzake amweleze kwa Kiha, kisha mrudi kwenye sentensi. Sentensi za namna hiyo zikizoeleka, wape habari fupi, isome nusu, wabashiri kitakachofuata, halafu mmalizie pamoja muone nani alikaribia. Dakika hizo hazipotei hata kidogo.

Darasa langu limejaa na vitabu ni vichache. Kusoma kwa pamoja si kunatosha? (Mwalimu, Kibondo)

Kunasaidia matamshi, hakutoshi. Sauti ya darasa zima humficha asiyejua: anaitikia silabi ya mwisho tu, macho yake yapo dirishani. Mkishaitikia, wasome wawili wawili, mmoja akifuatisha kwa kidole, nawe usikilize dawati moja au mawili kila siku. Kesho madawati mengine. Weka daftari la majina ili asisahaulike mtoto, hasa wale wapole wa nyuma. Hao ndio wanaoniumiza roho.

Nianze na majina ya herufi au sauti? (Mwalimu, Kigoma Ujiji)

Sauti. Aliyekariri “be” na “a” akiunganisha anapata “bea”, wakati neno linataka “ba”. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015 kwa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo hapohapo, na ulikuwa sahihi.

Mwanangu wa darasa la tatu anasoma “kura” mahali pa “kula”. Nimkatize? (Mama, Uvinza)

Hapana, mama. Mwache amalize sentensi, kisha muulize nani alikula nini. Akijibu sawasawa, ameelewa. Hapo msome neno hilo pamoja mara moja, aendelee.