6 kati ya 20: ushauri kwa anayeanza kusoma sheria ya mikataba na kampuni

Mtihani wangu wa kwanza wa sheria ya mikataba nilipata 6 kati ya 20, na siku ile nilitoka chumba cha mtihani nikitabasamu. Swali lilikuwa la mvua. Asha kaenda msibani, mvua ikashuka, jirani yake akakimbia bila kuagizwa na mtu akaingiza ndani magunia ya mchele yaliyokuwa barazani. Asha aliporudi akafurahi mno, akamwahidi jirani shilingi 100,000. Siku mbili baadaye kageuka, hatoi. Mshauri jirani.

Mimi usiku ule nilikuwa nimekesha na desa. Kwa asiyejua, desa ni yale maandishi ya mtu aliyesoma miaka mingi kabla yako, yametolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, na kila mwaka yanauzwa stationery jirani na chuo kana kwamba ni mapya. Desa langu lilisema wema uliokwisha kutendeka hauzai mkataba, na kesi yake ni Roscorla dhidi ya Thomas ya mwaka 1842: mtu kauza farasi, biashara imekwisha, ndipo akaahidi kwamba farasi hana tabia mbaya, na mahakama ikasema ahadi ile haimfungi. Nikamwaga Roscorla kurasa mbili nzima. Karatasi iliporudi, pembeni kwa wino mwekundu mwalimu alikuwa ameandika namba ya kifungu tu na alama ya kuuliza: 25?

Nikaenda kufungua Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza, na tulikuwa tumeshasoma wiki nane. Kifungu cha 25 kinaanza kwa kusema makubaliano yasiyo na konsiderasheni ni batili, yaani yale ambayo mmoja hatoi chochote kupata cha mwenzake. Halafu kinaweka milango ya pembeni. Mlango mmojawapo ni ahadi ya kumfidia mtu ambaye tayari amekufanyia jambo kwa hiari yake. Jirani wa magunia kasimama pale pale, kifungu kinamtaja karibu kwa jina, na mimi namsomesha habari za farasi wa Uingereza.

Sababu ya tofauti hiyo hakuna aliyeniambia, nami nakuambia mapema. Sheria yetu ya mikataba ya Tanzania Bara haikutoka London moja kwa moja. Imepitia India. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika, na tulipotunga yetu mwaka 1961 tuliifuata karibu kifungu kwa kifungu. Ya India ina mifano midogo chini ya vifungu: A anaokota pochi ya B na kumrudishia, B anaahidi kumpa A rupia 50, huo ni mkataba. Mstari mmoja tu huo ungeniokoa alama nyingi. Nasi sheria ya Uingereza tunaikubali, tena kwa tarehe: katika mwaka wa kwanza utakaririshwa 22 Julai 1920, siku ambayo sheria za jumla za Uingereza zilizokuwepo zinahesabiwa kutumika kwetu. Ila zinaziba mapengo. Penye kifungu chetu hakuna pengo la kuziba.

Kwa hiyo ukikaa kusoma, anza na kifungu chenyewe, kwa maneno yake, hata kama kinachosha. Kisha kesi za Mahakama yetu ya Rufani, zipo bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Mwisho kabisa ndiyo farasi. Desa liwe la kujikumbusha usiku wa mwisho, si la kujifunzia.

Na kesi isome mpaka ukurasa wa mwisho. Kila mwanafunzi anaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, ile iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Muulize mwenzako Bi Hawa alipata nini. Tisa kati ya kumi wa darasa letu walijibu "alipewa nusu". Hakupewa kitu. Mahakama ilikubali kanuni, halafu ikaona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitapanya, rufaa yake ikatupwa. Kushinda hoja na kushindwa kesi ni jambo la kawaida katika sheria, na desa haliwezi kukuonyesha hilo kwa sababu lina mstari mmoja tu wa kila kesi.

Upande wa biashara mimi uliniingia kupitia mjomba. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kalisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, kaning'iniza cheti ukutani kwenye fremu ya dhahabu. Alipolemewa na deni la saruji aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Wanaidai biashara, mpwa wangu, si mimi." Alikuwa amesajili jina la biashara, basi. Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa kofia. Deni lake ni lako, na pikapu ikachukuliwa.

Kumbe alichokuwa anakidhani ni kampuni, na hapo ndipo nilipomwelewa Salomon, yule mtengeneza viatu wa London. Aliunda kampuni ya watu saba: yeye, mkewe na watoto watano. Hisa 20,007, zake 20,001. Kampuni ikafilisika, wadai wakasema hii si kampuni, ni Salomon yule yule. Hukumu ya juu kabisa, inayotajwa kwa mwaka 1897, ikakataa: mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine, na deni lake si la Salomon. Darasani inaishia hapo. Lakini nenda benki uone. Meneja wa mikopo hana habari na Salomon. Anakusogezea karatasi ya dhamana binafsi ya mkurugenzi, na ukitia saini, nyumba yako imo. Jifunze kanuni, kisha uliza watu wanaizungukaje.

Jambo la lugha nalo. Tulisoma na kufanya mitihani kwa Kiingereza, wateja watakuja kwa Kiswahili, na tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Nilikuwa nikirudi likizo namweleza mama kifungu kimoja kila jioni akichambua mchele. Nikikwama kutafuta neno, najua sijakielewa. Ile ya magunia aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hapo palihitaji sheria? Angemnyima, mvua ijayo angeingiziwa na nani?"

Tahadhari moja, maana itakukuta kabla hujamaliza muhula wa kwanza. Ukoo mzima utakuona wakili. Shangazi ataleta hati ya shamba, binamu mkataba wa bodaboda. Eleza unachokijua, soma nao karatasi, lakini usiwaandikie nyaraka kwa malipo. Shahada peke yake haikufanyi wakili. Bado kuna Shule ya Sheria na kuapishwa. Na kiwanja usikubali "tumeelewana kwa mdomo", maana mkataba mwingi wa mdomo unakubalika lakini wa kuuziana ardhi unataka maandishi.

Mjomba alipofungua kampuni ya kweli aliniomba nimwandikie mkataba na mbia wake. Nikakataa, akanuna wiki mbili. Baadaye akalipa wakili, na siku moja akanitumia kopi kwa WhatsApp na ujumbe mmoja: "Soma kama wamekosea mahali." Walikuwa wamekosea jina lake.